Honi Isiyopigwa

Katika mji wa Hollen Grove, mtu anayekujua haji kwa mlango wa mbele. Hupita ubavuni mwa nyumba, hujifungulia mlango wa jikoni, na huanza kuongea kabla hujamwona, huku akivua viatu. Mlango wa mbele umeachiwa wauza bima na misiba. Ndiyo maana jioni ile, kengele ya mbele ilipolia, Ardis Ruhnke hakwenda kufungua mara moja. Alikuwa jikoni akipiga pasi kitambaa cha altare cha Jumapili. Aliichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha, akakikunja kitambaa taratibu kama mtu anayetaka kulichelewesha jambo, ndipo akaenda.

Kupitia kioo alimwona Mchungaji Lindaas, mama mrefu mwenye mvi, amevaa sweta nje ndani. Kando yake alisimama askari wa kaunti, kofia mkononi. Askari huyo Ardis alimfundisha shule ya Jumapili alipokuwa mtoto, na hata sasa hakuweza kumtazama bila kumkumbuka akilia kwa kuangusha taa ya Krismasi.

"Ni Verlin," Ardis alisema kabla hawajafungua mdomo. "Moyo umemzidia?"

"Tuingie kwanza, Ardis," mchungaji alisema.

"Niambieni hapa hapa."

Askari ndiye aliyejibu. "Amepigwa risasi, mama. Kule kwa akina Maddux, wale wageni waliokuja mwaka jana. Mwenye nyumba alidhani ni mwizi. Amefariki pale pale uani."

Ardis aliushika mlango. Kaka yake alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, goti bovu na masikio mazito. Asubuhi tu alikuwa amemletea mayai. Akawatazama wale watu wawili, na swali lililomtoka lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Alikuwa na vikapu?"

"Vikapu gani, mama?" askari aliuliza, akitoa kalamu.

Hapo ndipo angesema. Mchungaji Lindaas alikuwa amemshika mkono, kijana wa watu alikuwa amesimama anasubiri, na jibu lilikuwa fupi. Lakini Ardis alihisi uso wake ukiwaka moto, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake.

"Hakuna," alisema. "Nimechanganyikiwa tu."

Askari akairudisha kalamu mfukoni.

*

Verlin Skarshaug hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la kiwanda cha chakula cha mifugo, akipeleka magunia mashambani, na mitambo ya kiwanda ndiyo iliyomharibu masikio. Hakuoa. Kuna binti wa Ridgeway, mji wa jirani, ambaye Verlin alimchumbia ujanani, binti akaenda kusomea uuguzi na hakurudi, na Verlin alisema sawa, akaendelea na lori lake. Kanisani aliimba besi katika kwaya, na kwa kuwa hakusikia vizuri, mara nyingi alimaliza wimbo baada ya wenzake. Watu walishazoea. Kiongozi wa kwaya alikuwa akisema, "Tumngoje Verlin, ndipo tuseme amina."

Jambo moja lilimtofautisha na wazee wenzake wanaokunywa kahawa pale ghala la nafaka. Kila Mei mosi, jua likikaribia kuzama, alipeleka vikapu.

Zamani mji mzima ulifanya hivyo. Unachukua kikombe cha karatasi, unakitia mshikio wa waya laini, unakijaza bisi na peremende na ua moja juu yake, unakiweka kwenye ngazi za jirani. Unagonga mlango kwa nguvu, kisha unakimbia kujificha. Mwenye nyumba akitoka, lazima akutafute. Akikukamata, anakubusu. Ukikamatwa huruhusiwi kugoma: unatoka mafichoni unacheka, unatoa shavu lako. Katika ukoo wa Skarshaug kulikuwa na nyongeza. Walikwenda wawili wawili, mmoja wa kukimbia na mmoja wa kubaki kwenye gari. Mkimbiaji akishajificha, dereva alipiga honi mara mbili, fupi fupi, ili waliomo ndani wajue kwamba ni mchezo na watoke kutafuta.

Mkimbiaji siku zote alikuwa Verlin. Dereva alikuwa Ardis. Ilianza walipokuwa watoto, baba yao akiwa ndiye mwenye usukani na Ardis akipewa ruhusa ya kubonyeza honi tu. Ikaendelea hata Ardis alipoolewa, hata alipofiwa na mume. Mji ukaacha, watoto wakapata simu, kina mama wakachoka, lakini wale wawili wakaendelea. Goti la Verlin lilipoharibika, hakukimbia tena mpaka kona ya barabara. Alijibanza nyuma ya kichaka kilicho karibu, tumbo likionekana upande mmoja na kofia upande wa pili, na watu wakajifanya hawamwoni ili ajisikie vizuri.

"Mzee Verlin hajifichi," rafiki yake Duane Vopat alikuwa akisema pale kwenye kahawa. "Kichaka ndicho kinachojificha nyuma yake."

"Wivu tu," Verlin alijibu. "Wewe hata mkeo hakubusu mpaka umlipe."

Wote walicheka. Ardis naye alicheka, miaka mingi. Halafu siku moja hakucheka tena. Ilitokea dukani, akiwa kwenye foleni. Wasichana wawili mbele yake walikuwa wakiongea juu ya kale kazee kanakonyatia nyumba za watu, na mmoja akasema, "Na dada yake anamngoja kwenye gari, we fikiria, kama majambazi." Ardis alilipia maziwa yake akatoka bila kusalimia mtu. Aibu ile aliondoka nayo pale dukani, akaipeleka kwake, akailea.

*

Mei mosi hiyo, baada ya mayai ya asubuhi, Verlin alirudi adhuhuri, kwa mlango wa jikoni, na trei ya vikombe vya karatasi vya rangi ya waridi. Alivipanga mezani kimoja kimoja.

"Hiki cha mama Engebretson. Hiki cha Duane, nimemwekea kitunguu chini ya peremende. Na hiki," alikiinua kile kilichojaa kuliko vyote, "cha yule mtoto wa akina Maddux. Nilimsikia mama yake dukani anasema tangu wahamie hapa hakuna aliyewagongea mlango. Mwaka mzima, dada! Sisi ni watu gani?"

"Verlin, siendi."

Verlin alidhani hakusikia vizuri. Akageuza sikio lake zuri. "Unasemaje?"

"Nasema siendi mwaka huu. Una miaka sabini na moja. Watu wanatucheka. Nimechoka kukaa gizani kwenye gari kama mwizi."

Verlin akaanza kurudisha vikombe kwenye trei. "Basi utanipigia honi ukiwa hapa hapa kwako. Nitajaribu kusikia."

"Acha utani wako."

"Haya, nimeacha." Akambusu kichwani, akaichukua trei yake. Mlangoni akakumbuka jambo, akacheka. "Au unaogopa yale uliyosema ukumbini? Nianze kupiga simu kwanza, mheshimiwa?"

Hilo nalo lilikuwa na historia yake. Majira ya baridi yaliyotangulia, wezi waliingia mashambani wakaiba betri za matrekta na mashine za kulehemu. Watu wakaitana kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto kujadili ulinzi. Wapo waliosema sheria inamruhusu mwenye nyumba kujilinda na wasiogope kuitumia. Wapo waliosema taratibu, jamani, siku moja tutaua mtu asiye na hatia. Ardis, ambaye mwizi alikuwa amevunja banda lake na kuchukua hata msumeno wa marehemu mumewe, alisimama akasema kwa sauti ya mwalimu wa Jumapili: "Mtu anayeingia uani kwako jua limezama, bila kuita, atakalolipata amejitakia mwenyewe."

Makofi yalikuwa makubwa. Katika safu ya nyuma, kijana mmoja mgeni, fundi wa mitambo ya upepo aliyetoka Arizona, alipiga makofi akiwa amesimama. Huyo alikuwa Colby Maddux. Verlin, aliyeketi kando ya dada yake, hakupiga. Alikuwa anaichunguza kofia yake.

*

Habari ilipotoka, mji uligawanyika kabla hata maiti haijarudi kutoka kwa daktari wa kaunti.

Maelezo ya Colby yalisomwa redioni. Alikuwa anamlaza binti yake. Mlango ukagongwa kwa ngumi kama unataka kuvunjwa. Akatoka na bastola, hakuona mtu. Akaona kivuli kwenye kichaka, chini ya dirisha la mtoto. Akapiga kelele: nani wewe, usisogee! Mtu yule hakujibu. Akatoka kichakani, akamjia mikono wazi, anacheka. Colby akafyatua.

Neno hilo la kucheka ndilo lililofanya kazi mbaya. Na kikombe chenye peremende, kilichookotwa kwenye ngazi, kikamalizia. Katika kile kipindi cha asubuhi ambacho watu hupiga simu na kutoa maoni, mwanamume mmoja alisema, "Mzee hana mke, anazunguka na peremende, anajibanza chini ya dirisha la mtoto wa kike, anacheka. Mnataka picha au maelezo?" Mwenye kipindi hakumkatiza.

Wengine walimjibu kwa ukali kwamba bunduki imekuwa ndilo neno letu la kukaribisha watu. Mama mmoja kutoka mji mkuu wa jimbo alimpigia Ardis simu, akamwomba asimame mbele ya bunge na picha ya Verlin kudai sheria ibadilishwe. Bwana mmoja wa duka la silaha naye akaandika gazetini kwamba anasikitika, lakini sheria ni sheria. Kila upande ulikuwa na Verlin wake. Yule wa mama wa bunge alikuwa malaika. Yule wa redioni, Mungu atusamehe. Hakuna aliyemfahamu yule aliyemwekea Duane kitunguu.

Wazee walijua vikapu ni nini. Lakini wengi walidhani mwaka huu Verlin ameacha, kwa kuwa hawakusikia honi, na wengine hawakutaka kuingizwa kwenye ugomvi wakati wa kupanda mahindi. Duane pekee alipiga simu redioni, akaeleza habari ya vikapu, na mwenye kipindi akamuuliza kwa upole wa dharau, "Na ulimwona, mzee? Ulikuwepo?" Duane akasema hakuwepo. Akakata simu. Akaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Ardis, akaingia jikoni bila kuvua viatu.

"Wewe ulikuwa wapi?" alimuuliza.

Ardis alikuwa anaosha chombo kilichokuwa safi. Kaunta nzima ilijaa vyakula vilivyoletwa na watu, na hakuwa amevigusa.

"Nakuuliza, dada. Wewe ndiye dereva. Miaka yote wewe ndiye dereva. Mbona yule mtu hakusikia honi?"

"Sikwenda."

Duane alivuta kiti akaketi.

"Sikwenda kwa sababu nilimwonea aibu," Ardis alisema, bado amempa mgongo. "Na yule kijana alikuwepo ukumbini siku ile. Alinipigia makofi. Duane, nimeua kwa mdomo halafu nikabaki nyumbani napiga pasi."

"Sasa usinitwishe mimi dhambi zako, mimi si mchungaji," Duane alisema, lakini kwa sauti ya chini. "Sikiliza. Ijumaa kuna mkutano tena ukumbini. Jumamosi tunamzika. Ukinyamaza Ijumaa, Jumamosi tutamzika yule mzee wa redioni. Si kaka yako. Unanielewa? Jina litakalowekwa kwenye jiwe ni la Verlin, lakini mtu atakayekuwa chini yake ni yule wa redioni."

"Watanizomea."

"Watakuzomea, ndiyo. Utakufa?" Akasimama, akainua kifuniko cha bakuli moja, akanusa. "Na kula kitu. Umekuwa kama fito."

Usiku huo Ardis alijaribu kusali. Kila alipofika penye kuomba kusamehewa makosa, ulimi ulikataa kwenda mbele. Alimfikiria Petro uani kwa kuhani mkuu, anaota moto na watu wasiomjua. Yeye Ardis hakuulizwa hata mara tatu. Aliulizwa mara moja, tena na mtoto aliyemfundisha mwenyewe habari hiyo ya Petro.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kati ya magari ya zimamoto. Colby Maddux alikuja. Hakuna aliyetarajia. Aliketi safu ya nyuma pale pale alipoketi majira ya baridi, na mkewe, Shayna, alimshika mkono kama wanavyoshikwa wagonjwa. Kijana alikuwa amekonda. Mwendesha mashtaka alikuwa bado anapima kama kuna kesi.

Watu walisema yale waliyokuja kuyasema. Mmoja alitaka sheria ibadilishwe. Mwingine akasema akibadilishiwa sheria atahama jimbo. "Hama basi, nitakubebea makochi!" mtu akapiga kelele, kukawa na kicheko na matusi. Kisha yule bwana aliyepiga simu redioni, ambaye kumbe alikuwa muuza matairi wa Ridgeway, akasimama. Akasema hana chuki na marehemu, ila yeye ni baba, na angependa mtu mmoja tu amweleze yule mzee alikuwa anacheka nini.

"Mimi nitakueleza," Ardis alisema.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alitembea mbele, na kabla hajafika, mtu upande wa kulia akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Ardis, kwani mwezi wa pili ulisema nini hapa hapa?"

"Nilisema mtu anayeingia uani bila kuita amejitakia," alijibu. "Mkanipigia makofi. Naomba leo msinipigie."

Akaanza kuwaeleza. Alieleza vikapu, kwa wale wasiojua na kwa wale waliojifanya hawajui. Alieleza kwa nini mlango hugongwa kwa nguvu, na kwa nini mtu hujificha karibu akiwa na goti bovu. Alisema kikombe kile kilijazwa kuliko vyote kwa kuwa mama wa mtoto alisema dukani hakuna aliyewahi kuwagongea. Hapo Shayna Maddux alijifunika mdomo.

"Hakujibu kwa sababu hakusikia," Ardis alisema. "Sikio moja halikufaa kitu. Aliona tu mtu amemgundua. Na ukigundulika katika mchezo huu unatoka, unacheka, unatoa shavu. Ndiyo kanuni. Alikuwa anatii kanuni."

Muuza matairi alikuwa bado amesimama. Hakujua aketi au afanyeje.

"Kuna jambo moja zaidi, na hili ni langu. Sisi tunakwenda wawili. Wa kwenye gari anapiga honi mara mbili, ili walio ndani wasiogope. Wa kwenye gari ni mimi. Adhuhuri ile alikuja kunichukua nikamwambia siendi, kwa sababu nyie mnatucheka, na mimi cheko lenu nililiogopa kuliko nilivyompenda ndugu yangu. Askari alipokuja kwangu alinipa nafasi ya kusema. Nikasema hakuna vikapu. Mmemtukana wiki nzima na mimi nikisikiliza redio."

Colby alikuwa amesimama kule nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waligeuka wote kumsikiliza.

"Mama. Kwa hiyo alikuwa anakuja kunisalimu?"

Ardis alimtazama. Siku zote hizo alikuwa amejiandaa kumchukia kijana huyu, na mara nyingi aliweza. Sasa aliona mtu aliyesimama mahali pale pale aliposimama kumpigia yeye makofi.

"Alikuwa anakuja kubusiwa, mwanangu," alisema.

Colby alikaa chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa mkutano alikohoa, akasema labda tuishie hapo, na watu wakatoka wakipishana bila kutazamana, kila mtu akitafuta funguo za gari lake. Mama Engebretson, ambaye kikapu chake hakikumfikia, alimpita Ardis bila kumsemesha. Muuza matairi alimjia akasema samahani, akiwa anatazama viatu. Ardis akamwambia akaseme redioni. Alikwenda kweli akasema, Jumatatu, kwa kifupi. Lakini Jumatatu mazishi yalikuwa yameshapita.

*

Verlin alizikwa Jumamosi, kwenye makaburi ya kanisa nje ya mji, karibu na wazazi wake. Kulikuwa na upepo lakini hapakuwa na mvua. Wakulima waliacha matrekta katikati ya mashamba wakaja na suti zilizowabana. Kanisani kwaya iliimba, na mwisho wa wimbo wa pili kiongozi aliinua mkono akawazuia wasiketi. Wakasimama kimya kwa muda ambao Verlin angeutumia kumalizia besi yake. Ndipo wakasema amina.

Jeneza lilibebwa na Duane na wanakwaya. Duane alilia waziwazi na kuulaumu upepo.

Colby na Shayna hawakuingia kanisani. Gari lao lilisimama barabarani, nje ya uzio wa makaburi, na wao walisimama kando yake. Mtoto hawakumleta. Mchungaji Lindaas alimuuliza Ardis kwa kumnong'oneza kama wanaweza kusogea. Ardis alifikiri. Akasema wanaweza kuingia langoni. Wakaingia langoni wakaishia hapo. Hakwenda kwao, wala hakuwapa mkono, na hakujua kama ni dhambi au ni kiasi tu alichojaliwa siku hiyo. Alimwachia Mungu hesabu yake.

Mchungaji alisoma, akachukua udongo kiganjani, akaumwaga juu ya jeneza kwa alama ya msalaba. Baraka ikatolewa. Kwa desturi ya pale, watu huondoka jeneza likiwa bado juu ya mikanda, huenda kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula mikate ya nyama na kunywa kahawa, na wachimbaji hubaki kumaliza kazi watu wakishaenda. Watu wakaanza kwenda. Wapwa wa upande wa marehemu mume wa Ardis walimngoja, naye akawaashiria watangulie.

"Nitabaki," alimwambia Duane.

"Mpaka lini?"

"Mpaka wamalize."

Duane alitazama magari yanayoondoka, kisha gari la Ardis lililokuwa peke yake kwenye nyasi. Akageuzageuza kofia yake. "Nilikuwa nawaza," alisema. "Kabla hawajamshusha. Ungempigia ile honi. Mara mbili tu."

Ardis alitikisa kichwa. "Hapana, Duane. Honi ilikuwa ya siku ile."

Duane alisimama kando yake.

Wachimbaji wawili walisogea, wakavua kofia kwa kumwona bado yupo, wakasubiri awaruhusu. Aliwaambia waendelee. Walizungusha mtambo, mikanda ikalegea, jeneza likashuka taratibu hadi likagota chini. Walivuta mikanda. Walileta kifuniko cha zege kwa mashine, wakakishusha, mmoja akikielekeza kwa mkono ukingoni. Halafu wakarudishia udongo, kwanza kwa mashine, kisha kwa sepetu, wakausawazisha kwa migongo ya sepetu zao. Udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, udongo wa kupandia. Walipomaliza, waliweka mashada ya maua juu, wakampa Ardis ishara ya kichwa.

Alisema sala ya Bwana kwa sauti, Duane akimfuatisha. Safari hii hakukwama. Kisha akamwambia Verlin kwaheri, akalitaja jina lake lote, akaenda kwenye gari.